Zamu ya Maji

Chumba cha giza, Valensia, saa nne usiku.
Empar Ferrandis anasogeza hadubini nusu ya unywele
na ubongo wa panya, kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu,
unawaka: mishipa ya damu kwa nyekundu,
seli shina kwa kijani cha mpunga mchanga.

Anaitafuta ile moja.
Imekaa ukutani mwa chemba ya majimaji,
kichwa kinachungulia bwawa lisilo na upepo,
na nyuma yake mguu, mmoja tu, mrefu,
umepenya ujirani wote
hadi kuugusa mshipa.
Kuugusa hasa, pasipo pazia.
Kwingineko ubongoni mishipa imevishwa soksi,
nyayo za seli walinzi zimebanana juu yake,
hapiti mgeni bila hodi.
Hapa pana upenyo wa kutosha unyayo mmoja,
na unyayo umo.

Watu hudhani damu huleta chakula, basi.
Lakini mshipa huu unasema na seli,
na neno lake kubwa ni: Ngoja.
Usigawanyike. Usiamke. Siku yako haijafika.
Seli inatii
miezi, pengine umri mzima wa panya.

Empar anaandika: imelala.
Anafuta.
Anaandika: inasubiri.

Baba yake, Batiste, alikuwa mshika lango la mfereji
kule Alboraia, kwenye mashamba ya ndago.
Naam, ndago, gugu ambalo kwingine hung'olewa kwa matusi,
huko hupandwa kwa mistari, likakamuliwa maziwa.
Miaka arobaini na mmoja akifungua, akifunga:
alfajiri kwa akina Carbonell, usiku wa manane kwa mjane Roig.
Hakuwa na daftari.
Zamu zote zilikaa kichwani.

Mwezi wa pili mshipa ukaziba.
Mdogo, daktari aliuonyesha kwa ncha ya kalamu.
Ukaondoka na mkono wa kulia, ukaondoka na majina:
kijiko akakiita Jumatano,
binti yake akamwita "wewe wa, wewe wa".
Damu nzito kuliko maji, jirani alisema, akimfariji.
Uzito ndio ulioziba, Empar alijibu,
ila kimoyomoyo.

Panya akipigwa na kiharusi, anajua,
baadhi ya seli changa huiacha njia waliyozoea wenzao,
zikashika mishipa, zikaambaa nayo
kama mtu apapasaye ukuta umeme ukikatika,
kuelekea palipoungua.
Nyingi hufa njiani.
Chache hufika, na hazijui pa kuketi.
Kwa binadamu? Maabara nzima hubishana mpaka kahawa inapoa.
Kwa mzee wa miaka sabini na sita
hajathubutu kuuliza, na yeye ndiye mwenye hadubini.

Jumapili anamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mferejini.
Kijana aliyeurithi ufunguo hajafika.
Ndago zimelegea, maji yamejaa nyuma ya lango,
na Empar, kwa haraka ya mtu wa mjini,
anashika gurudumu la chuma.

Mkono wa kushoto, ule mjinga,
unatoka chini ya blanketi, unatua juu ya wake.
Mdomo unatafuta. Unatafuta.
"Bado," anasema.
Neno zima, halikuvunjika popote.

Wanakaa hivyo, mkono juu ya mkono juu ya kutu.
Ndege wa mpunga anahama tuta.
Kengele ya kanisa inapiga saa tano,
na vidole vya baba vinaubana mkono wake, vinazungusha,
robo, nusu,
maji yanaingia mstari wa kwanza, wa pili,
yakisukuma mbele yake majani makavu,
kizibo cha chupa,
na konokono mmoja aliyedhani ni usiku.